Urithi na umri wa ukomohedhi

Ukomohedhi ni hali ya mwanamke kuacha kabisa kupata hedhi. Huthibitishwa baada ya miezi 12 mfululizo bila hedhi, kwa kawaida kati ya umri wa miaka 45 na 55. Tafiti za mapacha zinakadiria kwamba karibu nusu ya tofauti za umri huo kati ya wanawake inatokana na jeni.

Mtoto wa kike huzaliwa na mayai machanga milioni 1 hadi 2, nayo huzidi kupungua maisha yote. Hedhi hukoma yanapobaki takriban 1,000. Utafiti wa mwaka 2021, uliohusisha wanawake wapatao 200,000 wenye asili ya Ulaya, ulitambua sehemu 290 za jenomu zinazohusiana na umri wa ukomohedhi. Nyingi zinahusu jinsi seli zinavyorekebisha DNA iliyoharibika. Jeni CHEK2, kwa mfano, husababisha mayai yenye DNA iliyoharibika kufa. Mwanamke ambaye nakala yake moja haifanyi kazi huchelewa kukoma hedhi kwa miaka 3 hivi.

Kuna pia hedhi kukoma kabla ya miaka 40. Sababu mojawapo ni badiliko la jeni FMR1 katika kromosomu X, ambalo huweza kurithiwa hata kupitia baba.

Uwezo wa kushika mimba hupungua miaka mingi kabla ya hedhi kukoma. Hivyo binti anafaidika kujua umri wa mama yake alipokoma, ingawa akina mama wengi huona haya kulitaja. Uvutaji wa sigara nao huharakisha ukomohedhi, hata kwa asiye na historia hiyo katika ukoo.