Kipimo Kilitangulia Darasa

Swali la kwanza lilikuwa la kiberiti. Unawasha njiti mbele ya mtoto, unaisogeza polepole, unaangalia kama macho yake yanaifuata. La nne lilikuwa la chokoleti na kipande cha mbao: je, mtoto anajua kipi kinaliwa? Yalikuwa maswali thelathini, na kadiri unavyoendelea ndivyo yanavyozidi kukaza, hadi yale ya mwisho yanayomtaka mtoto aeleze tofauti kati ya kuchoka na kuhuzunika. Hebu jaribu hilo saa hii, ukiwa kwa matatu Thika Road saa mbili usiku.

Aliyeyatunga ni Alfred Binet, pamoja na mwenzake Théodore Simon, mjini Paris mwaka 1905. Ufaransa ilikuwa imewalazimisha watoto wote kusoma tangu 1882, na walimu wakajikuta na watoto ambao shule haikuwahi kuwaona. Kabla ya hapo, mtoto asiyeweza kusoma alichunga mifugo, akabeba kuni, akaoa, akazeeka, na hakuna aliyejua kwamba hawezi, kwa sababu hata jirani hakuwa anaweza. Shule ndiyo iliyomwanika. Mwaka 1904 serikali iliunda tume iamue watoto hawa wafanyiwe nini. Kulikuwa na sauti za kutaka wapelekwe kwenye hospitali za wagonjwa wa akili. Binet aliona hatari ya kumfungia mtoto kwa neno la mwalimu aliyechoka naye, akataka wapimwe kwanza, tena kwa njia moja, ndipo watafutiwe darasa linalowafaa.

Sehemu ya hadithi yake ambayo husahaulika ni kwamba kupima kulikuwa mwanzo tu. Binet alibuni mazoezi ya kuinyoosha akili kama vile daktari wa mifupa anavyonyoosha mguu. Mojawapo lilikuwa mchezo wa sanamu: mwalimu anatoa ishara, darasa zima linaganda, kila mtu vile alivyo, hadi ishara nyingine. Mtoto asiyetulia anajifunza kutulia huku akidhani anacheza. Mwaka 1909, Ufaransa ilipitisha sheria ya kuanzisha madarasa ya watoto hao, na mwaka huohuo Binet akaandika kwa ukali dhidi ya waliodai kwamba akili ya mtu ni kiasi kisichoongezeka. Alifariki 1911 akiwa na miaka 54.

Mmarekani mmoja, Henry Goddard, alikuwa tayari ameshavuka bahari na kile kipimo. Alifanya kazi Vineland, New Jersey, kwenye taasisi ya watoto wenye ulemavu wa akili. Mikononi mwake kipimo kiligeuka ungo. Aliyepatikana "mpungufu" hakutafutiwa darasa, alitafutiwa ukuta, ili asije akazaa wengine kama yeye. Wahamiaji maskini waliposhuka Ellis Island walikutana na maswali ya namna hiyohiyo, wakiwa wametoka tu kwenye meli, na wengi hata lugha hawaijui.

Ungo huo ndio uliofika Kenya. Darasa halikuja nao.

Mwanzoni mwa miaka ya 1930, Richard Oliver, mwanasaikolojia aliyekuwa kwenye Shule ya Jeanes huko Kabete, palipo leo chuo cha maafisa wa serikali, alitengeneza mtihani wa akili kwa ajili ya Waafrika. Matokeo ya wanafunzi wa Alliance yaliwekwa kando ya yale ya wavulana wa Kizungu wa Prince of Wales, shule tunayoiita sasa Nairobi School. Oliver angalau alikuwa mwangalifu na maneno yake. H. L. Gordon, daktari aliyehudumu Mathari, hakuwa na uangalifu huo. Aliwachunguza wavulana waliofungiwa kwenye shule ya kurekebisha tabia, Kabete pia, akatangaza kwamba upungufu wa akili umejaa miongoni mwa Waafrika. F. W. Vint, daktari wa maabara ya serikali, alichukua bongo za Waafrika waliokufa, akazipima uzito na kuzikata vipande chini ya darubini, na mwaka 1934 akachapisha kwamba ni pungufu zikilinganishwa na za Wazungu. Mwaka 1933 walikuwa wameshaunda hata chama chao cha "kuboresha mbari". Wakaomba London pesa za kufanya utafiti mkubwa zaidi, wakanyimwa, na kabla ya miaka ya thelathini kuisha chama kilikuwa kimefifia.

Ni rahisi kuwacheka. Lakini fuata hesabu yao hadi mwisho. Ikiwa watu weusi wote ni wapungufu, basi hakuna mtoto mweusi mmoja anayehitaji msaada kuliko mwenzake. Hakuna wa kutengewa darasa. Na kama akili zao ndizo zina kikomo, kwa nini mlipakodi wa Kizungu asumbuke kuwajengea shule? Vile vipimo vilikuwa na kazi ya bajeti. Nadhani ndiyo maana vilipendwa sana na walowezi ambao hawakuwahi kufungua kitabu cha sayansi maishani.

Darasa lenyewe lilikuja 1948, jijini Nairobi, likaanzishwa na wazazi. Ndilo lililokua likawa shule ya Jacaranda ya leo. Lilikuwa la watoto wa Kizungu. Mtoto mweusi asiyeona alikuwa ameshapata Thika, ambako Jeshi la Wokovu lilifungua shule mwaka 1946, kwa sababu upofu unaonekana hata na mpita njia. Mtoto asiyeweza kushika herufi haonekani. Anaitwa mjinga, mvivu, mkaidi, na anapewa kiboko.

Baada ya uhuru mambo yalisonga kwa karatasi kuliko kwa matofali. Kamati ya Ngala Mwendwa ya 1964 iliangalia hali ya walemavu, ikazaa waraka wa bunge wa 1968. Mwaka 1974 karo ikaondolewa kwa madarasa ya chini, kukawa na mafuriko ya watoto, na yaliyoikuta Paris mwaka 1882 yakatukuta sisi: kila mlango wa shule ulipofunguliwa, mtoto mzito wa kujifunza alisukumwa hadi dawati la nyuma. 2003 ikarudia hadithi hiyo, elimu ya msingi ilipofanywa bure tena.

Mwaka ninaoupenda mimi ni 1984. Kwa msaada wa Denmark, Kenya ilianza kufungua vituo vya kupima watoto na kuwaelekeza wazazi, vingi vikiwa ndani ya shule za msingi za kawaida, kachumba kamoja kando ya ofisi ya mwalimu mkuu. Miaka miwili baadaye ikaja KISE, taasisi ya Kasarani inayofunza walimu wa elimu maalum. Kwa mara ya kwanza hapa kwetu, mtu alimpima mtoto mweusi kwa ajili ya huyo mtoto. Wazo la Binet lilikuwa limefika, miaka 79 baada ya ile njiti ya kiberiti. Halafu cheki vile sisi tuko: mwaka uliofuata, 1985, ndio tulifanya KCPE ya kwanza, ungo mwingine mkubwa, na shule zikaanza kupangwa kwa wastani wa alama. Mtoto anayevuta mkia akawa hasara ya shule nzima.

Na wale ambao shida yao iko kwenye hisia? Wanaopasuka kwa hasira, wanaokimbia darasani, wanaonyamaza miezi? Njia ya Kabete aliyoipita Gordon bado iko wazi. Shule zile za kurekebisha tabia zimebadilishiwa majina na sheria zake, lakini kwa mtoto wa mtaa wa mabanda, kuitwa "mtundu" bado kunaweza kumfikisha mahakamani kabla hajakutana na mtu wa kumuuliza ana nini.

Mwaka jana shangazi aliniomba niandamane naye kwa mojawapo ya vile vituo, kwa sababu, alisema, mimi najua Kiingereza cha fomu. Binamu yangu ana miaka tisa. Anakumbuka nyimbo zote za redio, anakuhesabia chenji bila kukosea, lakini herufi zikikaa kwa mstari zinamkimbia. Shangazi alikuwa ameahirisha safari hiyo mara tatu. "Wakishampima," aliniambia stejini, "wataandika kitu na hakitafutika." Hajawahi kumsikia Gordon, wala sikumwambia.

Mwalimu wa kituo alikuwa mama wa makamo, sweta ya kijani. "Karibu, mama, keti hapa karibu nasi." Kisha akamgeukia kijana: "Umekunywa nini asubuhi?"

"Chai na ndazi."

"Ndazi ngapi?"

"Mbili. Nusu nimempa huyu." Huyu ni mimi.

Akacheka, akaandika. Akamtolea shanga za kutunga kwa uzi, picha za kupanga zilete hadithi, pembetatu ya kunakili, halafu herufi. Kwa herufi kijana akaanza kuangalia mlango. Mwalimu akazifunika kwa kiganja bila kusema kitu, akarudi kwa shanga.

Barua tuliyopewa ilisema ana ugumu wa kujifunza kusoma, kwamba akili yake haina kasoro, na kwamba afundishwe kwenye kitengo maalum kwa muda, kisha arudi na wenzake. Shangazi aliisoma mara mbili pale nje. Alinirudishia nimsomee tena ile sehemu ya akili.

Kitengo cha karibu kina mwalimu mmoja na kimejaa. Katiba ya 2010, kifungu cha 54, inampa binamu yangu haki ya kusoma, sera zimeandikwa na zingine kuandikwa upya, mtaala mpya una njia yake ya watoto wasiofuata gredi za kawaida, na haya yote yanasubiri mwalimu wa pili. Shule anayosoma kwa sasa ilimshauri shangazi, kwa upole kabisa, awe anabaki naye nyumbani siku za mtihani. Wastani wa darasa, unajua.

Sasa shangazi hupiga simu kwa kitengo kila Jumatatu, kabla hajafungua kibanda chake cha mboga. Yule mwalimu anamjua kwa sauti.

"Mama, bado," humwambia. "Lakini usiache kupiga."