DARAJA LA MUUGUZI NA KAZI YA KIJIJINI

Juma hili nazungumzia madaraja ya wauguzi, jambo ambalo watu wa mjini hulidhania dogo. Zamani ukiingia wodini mjini ulikuta ngazi nzima: muuguzi mkuu, muuguzi daraja A, muuguzi daraja B, na mhudumu wa kusukuma machela. Kila mmoja alijua mpaka wake. Ngazi hiyo tuliirithi kwa Waingereza, na ilipangwa kwa ajili ya hospitali kubwa.

Kijijini hali ni nyingine. Chukueni Mkiwa, mkoani Singida, pale njia panda ambapo barabara ya Itigi na Rungwa inaachana na ile ya Dodoma kwenda Singida mjini. Mahali kama pale mama mwenye uchungu, mtoto wa malaria na majeruhi wa lori wanaweza kufika usiku mmoja mikononi mwa mtu mmoja. (Mkiwa kwa Kiswahili ni mtu aliyebaki peke yake. Sidai kwamba jina la kijiji lilitoka huko, ila muuguzi wa zahanati linamfaa.)

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, na hasa miaka ya 1970 watu walipohamishiwa vijijini, Serikali ilichagua njia ninayoiona ya busara. Haikungoja wauguzi wa daraja A watosheleze nchi. Ilichukua wasichana waliomaliza darasa la saba, ikawafundisha miezi 18, ikawaita wasaidizi wa afya ya mama na mtoto. Kazi yao ilipimwa kwa ujuzi wao: kuangalia wajawazito, kuchanja, kupima watoto uzito, kuzalisha uzazi wa kawaida, na kutambua ule usio wa kawaida ili mama apelekwe mbele mapema. Mpango mzima ulitegemea hilo la mwisho. Mkutano wa Alma-Ata wa mwaka 1978 ulipohimiza huduma ya msingi ya afya, sisi tulikuwa tumekwisha anza.

Kasoro haikuwa kwa wasichana wale. Msaidizi aliyetambua hatari lakini hana gari alijikuta anafanya kazi ya daktari, na mambo yakiharibika yeye ndiye aliyeulizwa.

Baadaye wengi wao waliendelezwa kuwa wauguzi wa afya ya jamii daraja B, na Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010 inamtaka kila muuguzi awe na leseni. Ni vizuri. Nami nauliza halmashauri zinazopanga ikama: muuguzi akiwa peke yake saa nane usiku, na mwenye ruhusa ya kupasua yuko Itigi, gari la kumpeleka mama liko wapi?