Ejo: Neno Moja, Siku Mbili

Mjini Gisenyi, kandokando ya Ziwa Kivu, Kiswahili na Kinyarwanda hukutana kila siku. Mwalimu wa Kiswahili afundishaye huko hukabiliwa na neno *ejo*, ambalo kwa Kinyarwanda ni jana na pia ni kesho. *Ejobundi* nalo ni juzi na ni kesho kutwa. Je, wenye lugha hiyo hawakutofautisha wakati uliopita na ujao?

Swali hili si geni. Mwaka 1969 John Mbiti wa Kenya, katika kitabu chake *African Religions and Philosophy*, alitumia maneno yetu *sasa* na *zamani* kueleza fikra za Waafrika, akadai kwamba wakati ujao wa mbali haukuwamo katika fikra hizo za jadi. Wanazuoni wengine walimpinga. Kwame Gyekye wa Ghana alilikanusha dai hilo mwaka 1987 kwa ushahidi wa Kiakan.

Padri Alexis Kagame wa Rwanda (1912–1981) alikuwa ameshika njia nyingine. Katika kitabu chake cha mwaka 1956 aligawa vyote vilivyopo katika mafungu manne: *umuntu*, *ikintu*, *ahantu* na *ukuntu*. Fungu la *ahantu* hujumuisha mahali na wakati. Na tukitazama vema, Mnyarwanda hubainisha jana kwa kusema *ejo hashize*, na kesho kwa kusema *ejo hazaza*. Kiambishi *ha-* ni kile kile cha mahali, kama sisi tusemavyo *hapo kale*.

Huko Ujerumani, Edmund Husserl, mwasisi wa fenomenolojia, alifundisha mwaka 1905 kwamba *sasa* si nukta tupu. Asikilizaye wimbo bado anaishikilia sauti iliyotoka kupita, na papo hapo anaitazamia ijayo. Hatusemi kwamba *ejo* ni fundisho la Husserl: yeye alichunguza sauti ndani ya nafsi, neno hili lahesabu siku. Lakini yote mawili huanzia kwa mtu aliyesimama leo. *Ejo* ni siku iliyo jirani naye; kitenzi ndicho kionyeshacho upande.

Kiswahili kilifanywa lugha rasmi nchini Rwanda mwaka 2017, na wanafunzi wa namna hii wataongezeka. Mmoja wao akikosea kati ya jana na kesho, tumwelekeze kwenye kitenzi, wala tusihukumu fikra za taifa zima kwa neno moja lililong'olewa katika sentensi yake.