Mapigo Kabla ya Metronomu

Mwanafunzi anayeanza kujifunza piano hukutana mapema na kisanduku chenye kijiti kinachoyumba na kulia huku na huku. Hicho ndicho metronomu. Wengi hudhani kwamba mapigo ya muziki hutoka humo. Historia yatufunza vingine.

Bartolomeo Cristofori aliunda piano mjini Florence, Italia, karibu na mwaka 1700. Kwa zaidi ya miaka mia moja waliojifunza kuipiga hawakuwa na metronomu. Mwaka 1752 Johann Joachim Quantz, mwalimu wa filimbi wa mfalme wa Prussia, alifundisha kwamba mwendo wa muziki wapimwa kwa mshipa wa mkono, mapigo kama 80 kwa dakika. Kipimo cha mwanafunzi, basi, kilikuwa damu yake mwenyewe.

Walikuwapo waliojaribu kupima kwa timazi inayoning'inia, kama alivyofanya Mfaransa Étienne Loulié mwaka 1696. Lakini pigo moja kwa kila sekunde lahitaji kamba ya karibu mita moja, na mwendo wa pole zaidi wataka kamba ndefu kupita kimo cha mtu. Mwaka 1814 Dietrich Nikolaus Winkel, fundi aliyeishi Amsterdam, alilitanzua fumbo hilo: aliweka uzito juu na chini ya egemeo, na kijiti kifupi kikaweza kwenda polepole. Johann Nepomuk Maelzel alikiona chombo hicho, akakiongezea nambari, akakisajili kwa jina lake mwaka 1815. Miaka miwili baadaye Beethoven alitangaza nambari za mwendo wa simfoni zake nane. Hata leo herufi M.M. katika karatasi za muziki humkumbuka Maelzel, ilhali Winkel, mwenye haki, hatajwi.

Sisi walimu wa Kiswahili twalifahamu jambo hili kwa njia ya ushairi. Mwanafunzi wa tarbia huanza kwa kuhesabu mizani nane nane kwa vidole. Hatimaye sikio lake lenyewe huukataa mshororo uliopungua. Hali kadhalika anayeanza piano: kwanza ahesabu moja hadi nne kwa sauti, apige makofi kwa usawa, ndipo aguse vibonye. Kisha akiwashe kisanduku, apate kujua alipokimbia na alipochelewa. Metronomu na iwe shahidi wake, isiwe bwana wake.