Shamba la Buzwagi na Sheria Iliyoandikwa Zama za Ng'ombe

Karibu na mji wa Kahama, katika kata ya Mwendakulima, kuna eneo ambalo kwa zaidi ya miaka kumi lilijulikana kama mgodi wa dhahabu wa Buzwagi. Uzalishaji ulianza mwaka 2009, na ilipofika 2021 kazi ya kuchenjua dhahabu ikasimama. Kabla ya mgodi, hapo palikuwa na mashamba na malisho. Usukumani na Unyamwezini shamba kama hilo halihitaji ramani: mpaka ni mstari wa minyaa, mbuyu, au kichuguu ambacho babu alimwonyesha baba, na baba akamwonyesha mwanawe.

Kuanzia Geita hadi Kahama, kila mgodi mkubwa ulipofunguliwa walitangulia wathamini. Mthamini huhesabu miembe, hupima nyumba, kisha huuliza swali ambalo kwa familia nyingi ni zito kuliko yote: mwenye shamba ni nani? Mzee alishafariki. Mjane yupo, anapalilia. Mtoto wa kwanza wa kiume yuko Mwanza. Binti aliyeachika amerudi na analima kipande cha upande wa mtoni. Baba mdogo naye anasema shamba ni la ukoo. Nani aandikwe?

Majibu yaliyozoeleka yana historia yake, na historia hiyo haianzii kwenye ardhi. Inaanzia zizini.

Zamani, kwa Wasukuma, Wanyamwezi na Wasumbwa, urithi wenye uzito ulikuwa ng'ombe. Ardhi ilikuwepo ya kutosha. Ilikuwa chini ya himaya ya mtemi, yaani mtawala wa kimila, na wanangwa wake ndio waliowagawia watu vijijini. Aliyehamia alimwendea mwanangwa, akaonyeshwa pa kulima. Akihama, shamba lilirudi mikononi mwa mwanangwa, likapewa mwingine. Wana walirithi shamba la baba yao ikiwa wanaendelea kulilima, lakini hakuna aliyelihesabu kuwa utajiri wa kugombewa hadi mahakamani.

Ng'ombe, kwa upande wake, ndiye aliyeamua hata ukoo wa mtoto. Mwanamume aliyekwa, yaani aliyetoa mahari ya ng'ombe, watoto walikuwa wake na walimrithi yeye. Ambaye hakutoa, watoto walihesabiwa upande wa mama, na urithi wao ulikuwa kwa mjomba. Enzi ya utemi nayo katika maeneo mengi ilipita upande huo huo: aliyetawazwa alikuwa mtoto wa dada wa mtemi. Wakati wa ukoloni mambo yakageuka, na watoto wa watemi wakaanza kuwarithi baba zao. David Kidaha Makwaia, mmoja wa Waafrika wawili wa kwanza kuingia Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika mwaka 1945, alishika utemi wa Busiha, Shinyanga, baada ya baba yake.

Nayaeleza haya kwa kirefu kwa sababu mara nyingi nasikia kwenye vikao vya matanga mtu akisema "mila yetu ni hii toka enzi na enzi." Mila hiyo ilikuwa inatembea. Ilikuwa na mlango wa upande wa baba na mlango wa upande wa mama.

Kisha ikaandikwa. Hans Cory, Mwaustria aliyekuwa mtaalamu wa jamii wa serikali ya kikoloni, alizunguka Usukumani akiwauliza wazee, na mwaka 1953 kikatoka kitabu chake cha sheria na desturi za Wasukuma. Baada ya Uhuru, serikali ilitaka kuunganisha mila za makabila yanayofuata ukoo wa baba ziwe kanuni moja. Cory alishiriki kazi hiyo katika hatua zake za mwanzo, akafariki mwaka 1962. Mwaka uliofuata zikachapishwa Tangazo la Serikali Namba 279 na Namba 436 la mwaka 1963, la pili likihusu mirathi na wosia.

Kanuni za Namba 436 ziliwapanga warithi kwa madaraja matatu. La kwanza ni mtoto wa kiume wa kwanza kutoka nyumba ya kwanza. La pili ni watoto wengine wa kiume. La tatu ni mabinti. Binti anaweza kurithi, lakini ardhi ya ukoo ataitumia tu, hana ruhusa ya kuiuza. Na mjane? Kama marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake, mjane hana fungu. Kanuni inasema fungu lake ni kutunzwa na watoto wake, kama yeye alivyowatunza.

Mwaka huo huo wa 1963 utemi ulifutwa kisheria. Hapo ndipo naona jambo lilipopinda. Mtemi na mwanangwa, waliokuwa na uwezo wa kumwonyesha mjane kipande kingine cha kulima, waliondoka. Sheria ya maandishi ikabaki peke yake.

Haikuwa mila ya Kiafrika pekee iliyomtanguliza mtoto wa kwanza wa kiume. Huko Virginia, wakati Marekani ilipokuwa koloni la Waingereza, mwenye mashamba akifa bila wosia ardhi yote ilikwenda kwa mwana mkubwa, na wengine waliifunga ardhi isiuzwe nje ya ukoo vizazi na vizazi. Hata hivyo mjane alikuwa na haki ya kutumia theluthi moja ya ardhi hadi kufa kwake. Sheria ya kufunga ardhi ilifutwa Virginia mwaka 1776, na ile ya mwana mkubwa ikafutwa mwaka 1785, zote kwa msukumo wa Thomas Jefferson.

Kwetu, ardhi iliendelea kupanda thamani huku kanuni zikiwa zile zile. Pamba ilitangulia. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 ikawahamisha watu na kuvuruga mipaka ya minyaa. Mwaka 1986 ulianza mradi wa HASHI, Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliofufua ngitili, yale malisho yanayofungwa masika ili yaliwe kiangazi, na familia nyingi zikawa tena na ngitili ya kurithisha. Halafu Sheria za Ardhi za mwaka 1999 zikatamka kwamba ardhi yenyewe ina thamani. Kabla ya hapo ardhi tupu haikulipwa. Kililipwa kilichopandwa na kilichojengwa. Tangu hapo, shamba linalotwaliwa linaweza kugeuka fedha kwa siku moja, na fedha ikishagawanywa hairudi.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka huo ilisema wazi kwamba mila inayomnyima mwanamke kumiliki au kutumia ardhi ni batili. Mahakama nayo ilishatangulia: Februari 1990, Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu Mwanza aliamua kwamba Holaria Pastory, mwanamke wa Kihaya aliyeachiwa shamba na baba yake kwa wosia, alikuwa na haki ya kuliuza kama mwanamume.

Lakini Kanuni za 1963 hazikung'oka. Wajane wawili wa Shinyanga, wanaojulikana kwa herufi E.S. na S.C., walitolewa na upande wa waume zao kwenye nyumba walizoishi. Wakafungua kesi mwaka 2005 wakisaidiwa na Kituo cha Msaada wa Kisheria kwa Wanawake. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikubali kwamba kanuni hizo zinabagua, lakini ikakataa kuzifuta, ikisema mila haibadilishwi kwa hukumu. Rufaa yao ilikaa miaka minne, na mwaka 2010 ikatupwa kwa sababu ya kasoro ya tarehe kwenye nyaraka. Machi 2015 Kamati ya Umoja wa Mataifa ya kutokomeza ubaguzi dhidi ya wanawake ikaamua kwamba Tanzania ilivunja haki zao, ikataka walipwe fidia na sheria irekebishwe.

Kuna jambo linaloniumiza zaidi kila nikilifikiria. Tangu hukumu ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu ya mwaka 1983, mke anayeachika anaweza kuhesabiwa kazi yake ya nyumbani kuwa mchango katika mali ya ndoa. Mke aliyevumilia hadi mumewe akafa mikononi mwake, kwa Kanuni za 1963, hana fungu. Hili si haki, na hakuna mzee wa Kisukuma mwenye busara atakayeniambia kwamba mababu walikusudia hivyo.

Bunge lina wajibu wake. Lakini msomaji mwenye shamba, awe Mwendakulima, Kakola au Geita, asingoje Bunge. Hati ya hakimiliki ya kimila inaweza kuandikwa majina ya mume na mke pamoja. Wosia nao unakubalika hata kwa kanuni hizo hizo za 1963: wa maandishi kwa anayejua kusoma unataka mashahidi wasiopungua wawili, wa mdomo wanne, wawili wa ukoo na wawili watu baki. Uandike wakati ungali na afya, weka tarehe na sahihi, na utumie kalamu ya wino, kwa maana wosia wa penseli haupokelewi.