Uganda: Mchukuzi wa Ujumbe Alipofanywa Bawabu

Hadi mwaka 1977, wakati Kenya, Uganda na Tanzania zilipokuwa na shirika moja la posta na simu, barua ilitozwa kwa uzito wake na telegramu kwa idadi ya maneno yake. Karani hakuuliza kama barua ni ya msiba, ya deni au ya mapenzi. Askari wa mawasiliano anaifahamu vyema kanuni hiyo: kazi yake ni kuufikisha ujumbe, wala si kuchagua upi upite kwa matakwa yake. Ndiyo kanuni inayodaiwa leo katika intaneti.

Nchini Uganda kanuni hiyo imepata misukosuko. Siku ya uchaguzi, tarehe 18 Februari, 2016, Tume ya Mawasiliano iliziagiza kampuni za simu kufunga Facebook, Twitter na WhatsApp kwa hoja ya usalama. Machi 2018, Rais Yoweri Museveni alimwandikia Waziri wa Fedha akilalamikia umbeya wa mitandaoni na kutaka utozwe kodi. Tarehe 1 Julai mwaka huo sheria ikaanza kazi: mtumiaji wa mitandao hiyo alipe shilingi 200 za Uganda kwa siku. Asiyelipa alifungiwa, ijapokuwa alikwisha kununua kifurushi chake.

Hapo ndipo mchukuzi alipofanywa bawabu. Wananchi wengi wakakimbilia programu za VPN, ambazo huificha safari ya ujumbe hata kampuni isijue uendako. Serikali ilitarajia shilingi bilioni 284 katika mwaka wa kwanza. Zilizokusanywa hazikufika bilioni 50.

Julai 2021 kodi hiyo ilifutwa, ikawekwa nyingine ya asilimia 12 juu ya bei ya data. Gharama iliwapanda wengi, lakini kodi haikuilenga tena mitandao ya kijamii pekee. Ubaguzi wenyewe haukwisha: intaneti ilipozimwa wakati wa uchaguzi wa Januari 2021 na kisha kurudishwa, Facebook iliendelea kufungwa.

Hapana ubishi kwamba dola ina haki ya kutoza kodi na wajibu wa kulinda amani. Lakini sheria inayomfanya mchukuzi apekue mzigo wa kila raia huwafundisha raia wema njia za panya. Na siku mhalifu wa kweli atakapopita humo, askari atamtambuaje katikati ya umati?