Pikipiki za wazee, kabureta za leo

KASAJI – Kabla ya pikipiki njia yetu ilikuwa reli. Mwaka 1931 reli ya Tenke–Dilolo iliungana na ile ya Benguela, shaba ya Katanga ikapita hapa kwenda bandari ya Lobito. Mwaka 1975 vita vya Angola vikaifunga njia hiyo. Machi 1977 wapiganaji wa FNLC wakavuka mpaka, wakapita kwetu hadi Mutshatsha, watu wakakimbilia porini. Treni zilipokuwa haba, mwenye pikipiki ndiye aliyefika.

Miaka ile zilitengenezwa Yamaha DT 125 na AG 100, pikipiki za mapigo mawili, nyepesi, ambazo fundi anaweza kuzifungua chini ya mwembe. Jamaa wengi wanaoanza maisha upya hununua pikipiki kuukuu ya namna hiyo wabebe watu na mihogo. Fremu bado ngumu, lakini kabureta imelika ndani: inavuta hewa pembeni, mota haitulii. Mwenyewe anakwenda sokoni, anarudi na kabureta mpya ya Kichina. Hapo ndipo hatari huanzia.

Nyingi za sokoni, zenye alama ya PZ, zilikusudiwa mota za mapigo manne zilizoiga Honda CG 125. Ukiifunga, mota itawaka, lakini kipimo si chake. Tafuta iliyotengenezwa kwa mapigo mawili, yenye koo la upana sawa na ya zamani.

Kisha tazama oili. Tangu 1964 Yamaha ilitumia pampu iitwayo Autolube, inayovutwa pamoja na kebo ya gesi. Kabureta ikibadilishwa, kebo ya pampu ivutwe sawasawa kama zamani. Kama pampu imeondolewa, changanya oili ndani ya esansi kila unapojaza. Bila oili pistoni inakwama.

Sasa jikleri, kile kipande cha shaba chenye tundu linalopitisha esansi. Namba yake inaweza kukudanganya. Kwa Keihin, 100 ni tundu la milimita 1. Kwa Mikuni ya pembe sita, 100 ni kipimo cha mafuta yanayopita. Basi usihamishe namba ya chapa moja kwenda nyingine.

Kumbuka pia mwinuko. Kolwezi iko zaidi ya mita 1,400 juu ya bahari, na hewa ya juu ni nyepesi. Kabureta iliyopimwa pwani ya Lobito huku itakunywa esansi kupita kiasi. Lakini anza na jikleri kubwa, ushuke namba moja moja. Esansi ikizidi, unapoteza pesa. Ikipungua, pistoni inatoboka.

Jaribu hivi: mota ikiwa na joto, endesha gesi yote kwenye njia iliyonyooka, zima ghafla, toa bujia. Ikiwa nyeusi yenye unyevu, punguza. Ikiwa nyeupe, usiendelee na safari. Weka jikleri kubwa zaidi. Rangi ya kahawa ndiyo nzuri.

Jikleri si kubwa kuliko punje ya haragi. Lakini pistoni ikikwama njiani kuelekea Mutshatsha, mama mwenye uchungu wa uzazi akiwa nyuma yako, hakuna treni itakayopita kumchukua.